Mtaa Usiozeeka

Sehemu ya tano

Mliofuatana nami tangu mwanzo mmekwisha kulia vya kutosha, kwa hiyo leo sitawarudisha mbali. Mume wangu Zuberi alikufa akaniachia binti mmoja, Mounira, na kiwanja kimoja pembeni ya Kasongo. Shemeji zangu wakakitaka kiwanja, wakashindwa. Nikajenga vyumba vya matofali ya udongo ili nipangishe wanafunzi, upepo ukaja ukachukua mabati. Mwaka jana nikaenda mji wa Nyangwe kumzika kaka yangu wa pekee, yeye aliyenisaidia kuezeka upya.

Wiki iliyopita niliishia pale Iliasi, yule mfanyabiashara wa sabuni na vitenge kutoka Kabambare, alipoweka kikombe cha chai chini na kuniambia kwamba anamtaka Mounira kwa ndoa, na kwamba shangazi yake atakuja kuuliza.

Wengine mlinitumia salamu za pongezi. Asanteni, lakini mliharakisha.

Kwetu, kabla ya posa, shangazi wa mwanaume hutangulia kimya kimya. Haingii nyumbani kwa binti. Anapita kwa majirani, anaomba maji ya kunywa, anaongea habari za mvua na mpunga. Halafu katikati ya maneno hayo anauliza, kama mtu asiye na haja: yule binti wa nyumba ile, ni mtoto wa namna gani? Anamuuliza mtu mzima, mwenye watoto wake, aliyemwona binti akikua. Neno la mama mzazi halihesabiwi, na neno la vijana ni upepo tu.

Hata habari zangu mimi ziliulizwa hivyo. Bibi mmoja wa Nyangwe alimwambia shangazi yake Zuberi kwamba Asma, ndiye mimi, ana mdomo mrefu lakini mikono yake haikai bure. Nikaolewa kwa maneno hayo, na mpaka leo namwombea dua yule bibi.

Sasa niambieni, Mounira wangu angeulizwa kwa nani?

Mtaa wetu unaitwa Masomo. Zamani ulikuwa mashamba ya mpunga na nyumba za watu wenye wajukuu. Chuo kilipojengwa ng'ambo ya barabara, jirani mmoja mmoja aliuza akaenda, na aliyenunua akapanga vyumba mstari mmoja, akavijaza wanafunzi. Wametoka Kabambare, Lusangi, Nyangwe, wengine mbali zaidi. Ukisimama mlangoni kwangu asubuhi unaona watu wa miaka ishirini, ishirini na mitatu, basi. Hakuna mtoto anayelia, hakuna mzee anayekohoa. Mkunga hayupo kwa sababu hana kazi. Imamu wa msikiti wetu mdogo ni mwanafunzi, na akiwa na mtihani anamwachia mwenzake wa darasa moja. Ngoma ya tohara sijaisikia tena tangu Zuberi akiwa hai. Biashara zetu ni fotokopi, kuchaji simu, kunyoa nywele, na mandazi ya Mounira.

Likizo ikifika, wote wanarudi kwao. Julai mbuzi wanalala katikati ya njia, na usiku nasikia mlango wangu mwenyewe ukilia.

Na kuna jambo limenitesa miaka, sijapata kumwambia mtu. Mtaa huu hauzeeki. Wanaomaliza wanaondoka na miaka yao, na masomo yakifunguliwa wanakuja wengine wa umri ule ule, wenye vicheko vile vile. Mounira alianza kuwauzia mandazi akiwa mdogo kwao, wakimwita mtoto. Baba yake alikuwa amekufa, na masomo yake yalikufa naye. Halafu akawa rika lao, wakamwita dada. Mwaka huu wapya wamefika, nao wanamwita Yaya Mounira, kwa adabu kabisa, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Nilipoisikia mara ya kwanza niliingia ndani nikakaa kitandani. Katika mtaa mzima, tunaokula miaka ni mimi na yeye.

Kwa hiyo Iliasi alipotamka ndoa, moyo wangu ulifurahi na kuogopa kwa pamoja.

Nilikuwa na tumaini moja, Mama Victorine. Ni Mkristo, mkulima, aliyekuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyempokea Mounira mikononi siku ya kuzaliwa, maana mkunga alichelewa na mvua. Mume wake alipofariki, aliuza akahamia Lusangi kwa mwanawe. Nikamtuma mwendesha pikipiki mmoja amwambie aje Alhamisi. Iliasi alikuwa ameninong'oneza kwamba shangazi atafika Ijumaa. Niliwaomba wanafunzi wanaokaa katika nyumba yake ya zamani wamwazime baraza asubuhi moja, naye akae pale kama hakuwahi kuondoka. Mnaweza kuniita mjanja. Nilikuwa mama tu, nilitaka mtu wa kumsemea mwanangu.

Mama Victorine akajibu kwamba atakuja hata kama ni kwa miguu.

Jumanne nilikwenda sokoni kununua unga wa muhogo. Mounira alikuwa kwenye lango la chuo na karai lake la mafuta. Siku hiyo hiyo shangazi wa Iliasi alifika, maana alipata lori lililotoka Kabambare mapema, na mtu wa Kabambare akiona lori linatembea hasubiri siku yake.

Anaitwa Mama Hawa. Ni mwanamke wa makamo, mweupe wa meno, anayetembea polepole. Alipita mtaa wetu mzima na kitambaa chake kichwani, akitafuta mtu wa kumwomba maji.

Maji alipewa na Olga, msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hajui kuficha kitu. Mama Hawa alimuuliza wazee wako wapi. Olga akajibu kwamba hapa wazee hawakai, ila wana doyen wao, mwanafunzi aliyekaa mtaani kuliko wote, ndiye anayeamua ugomvi na kugawa zamu za kisima. Akamshika mkono akampeleka kwake.

Huyo doyen ni Marcellin, mpangaji wangu. Ana miaka ishirini na saba na ndevu zake zinahesabika. Ni kijana mwema, na hilo nalisema nikiwa na uchungu, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka kwenye wema wake.

Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta ananisubiri mlangoni, uso umejaa furaha. Akanipokea mzigo. Akaniambia wamekwisha maliza kazi, mimi nikae nisubiri posa tu. Shangazi amekuja, wamempa kiti, na bahati nzuri yeye na shangazi wote wawili ni watu wa Kabambare, kwa hiyo maneno yalikwenda vizuri kabisa.

Nikamuuliza alimwambia nini.

"Nilimwambia kweli yote, Mama. Nilimwambia, kama si Mounira, mimi niko ndani ya udongo. Ile likizo niligonjwa, watu wote walikuwa wamerudi kwao. Mimi sikurudi, juu barabara ya kwetu ilikuwa mubaya, watu wa bunduki. Nilikuwa peke yangu mule chumbani. Ni Mounira alikesha na mimi. Alinipanguza jasho, alininywesha uji. Kila nikifungua macho, naona yeye."

Niliona unga unanitoka mikononi, kumbe alikuwa ameushika yeye.

Nikamuuliza kama alimwambia shangazi kwamba na mimi nilikuwepo. Akafikiri. Marcellin hasemi uongo hata kwa adabu.

"Mama, kusema kweli, mimi namukumbuka Mounira tu. Homa ilikuwa kali sana."

Na shangazi alisema nini? Alishukuru, akamaliza maji yake. Akauliza ni chumba kipi. Marcellin, kwa fahari kabisa, akamwonyesha mlango, akamwonyesha na godoro.

Tangu nianze kula chumvi sijasikia ushahidi mzuri kama ule ukiua mtu namna ile. Marcellin alisimama mbele yangu akisubiri nimshukuru. Alikuwa anatoka kwa watu wenye shangazi na bibi, anajua mila kama mimi, lakini miaka yote aliyokaa Masomo ilikuwa imemsahaulisha. Hapa msichana akimwuguza mvulana ni mwenzake tu, kesho atamwuguza yeye. Nilimwambia aende kusoma. Sikuweza kumgombeza.

Mounira aliporudi nilimweleza. Alikuwa anasugua karai. Aliendelea kusugua mpaka likang'aa kuliko siku nililolinunua. Kisha akauliza kama Marcellin alikula, maana alikuwa amemwekea mandazi.

Jumatano nilivunja desturi, nikaenda mwenyewe kumwona Mama Hawa. Alikuwa amefikia kwa ndugu zake mjini, karibu na soko. Alinipokea vizuri, akanipa mkeka, akaniuliza habari za msiba wangu wa mwaka jana. Sikupata hata nafasi ya kumchukia.

Nikamweleza kwamba nilikuwepo. Chumba kile ni changu, mgonjwa alikuwa mpangaji wangu, mtoto wa watu, na mtaa wote ulikuwa mtupu. Mimi na binti yangu tulimwangalia pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Mounira," akasema, "mimi sisemi mutoto wako ni mubaya. Nasema sijapata mutu wa kuniambia ni muzuri. Wewe ni mama, utasema nini ingine? Na wale wengine ni watoto. Walikuja jana, kesho wanaenda. Nikirudi Kabambare, baba yake Iliasi ataniuliza nilikaa kwenye baraza ya nani. Nitamujibu nini?"

Nilimwomba anisubiri siku moja. Akakubali.

Alhamisi Mama Victorine alifika na tope mpaka magotini. Pikipiki ilikuwa imekwama njiani akatembea sehemu iliyobaki, na kichwani alibeba ndizi za kutuletea. Sikumwacha hata apumzike. Alinawa miguu tukaenda.

Jamani, alisema vizuri. Alisema alivyompokea Mounira usiku wa mvua akamfunga kwa kitenge chake mwenyewe. Alisema kuku wake alipotea, mtoto akamrudisha na mayai yake kwenye sahani, wakati hata hakuna aliyekuwa anajua mayai yale yapo. Alisema alipovunjika mkono, Mounira alimchotea maji kila siku bila kutumwa. Mama Hawa alitabasamu. Mimi nilianza kupumua.

Kisha Mama Hawa akamuuliza, kwa upole, aliondoka Masomo lini. Mama Victorine akasema aliondoka mtoto akiwa na miaka kumi na moja.

"Asante, dada," Mama Hawa akasema. "Umenisemea mutoto. Mimi nilikuja kuuliza juu ya mwanamuke."

Hakusema kwa ubaya. Alitushika mikono wote wawili, akatusindikiza mpaka njiani.

Tuliporudi, Mama Victorine alilia njia nzima. Alisema angejua, asingeuza, angezeekea pale pale kwenye baraza lake akamwangalia Mounira mpaka siku ya posa. Nilimwambia asijilaumu, kila mtu aliuza. Alipofika mbele ya nyumba yake ya zamani akasimama akaitazama. Wavulana wawili walikuwa wanafua suruali barazani, wakamsalimu kwa heshima wakamuuliza anatafuta nani.

Usiku huo Marcellin alikuja. Alikuwa amekwisha elewa, nadhani Olga ndiye aliyemweleza. Alipiga magoti. Alitaka kwenda kwa Mama Hawa kuapa kwa Biblia, na asipoaminiwa atahama chumba, na kama hilo halitoshi atahama Kasongo. Nilimsihi akae kimya. Kila neno ambalo angeongeza lingekuwa jembe jingine kwenye shimo lile.

Mounira alimtilia chai. Nilimtazama akimtilia, nikatamani mtu mzima mmoja wa dunia hii angekuwa pale aone jinsi mkono wake ulivyokuwa wa dada.

Ijumaa asubuhi Mama Hawa alipanda lori kurudi Kabambare. Nikajua mambo yamekwisha. Nikatoa kitenge nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya siku ya posa, nikakirudisha chini ya sanduku.

Baada ya swala ya Ijumaa nikasikia pikipiki inasimama. Ni Iliasi.

Alikuwa bado na kofia ya swala kichwani. Mzigo wa vitenge umefungwa nyuma, maana na yeye alikuwa njiani kurudi. Hakukubali kukaa. Mounira alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na sote watatu tulijua kwamba yuko pale.

Alisema shangazi amekwisha kumpa jibu, na kwamba akifika nyumbani baba yake atafunga mlango. Alisema yeye mwenyewe ana imani. Amekula mandazi ya Mounira mwaka mzima, amemwona anavyowajibu wale vijana langoni, anajua alichokiona. Lakini hawezi kwenda kwa baba yake na macho yake mwenyewe.

"Mama, unipe mutu moja tu," akasema. "Mutu muzima, mwenye aliona. Moja tu. Nitamubeba mimi mwenyewe mpaka mbele ya baba."

Nilitafuta kichwani mwangu. Likizo, mtaa mtupu, mbuzi njiani. Nani alikuwepo? Na ghafla nikamkumbuka Pierre.

Pierre ni mwuguzi. Wakati ule alikuwa anafanya kazi hapa mjini, na Marcellin alipozidiwa tulimwita aje kumtundikia serumu, ile chupa ya maji ya mshipani. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wanne, anayesali kanisani kila Jumapili, ambaye hata adui yake hawezi kusema kwamba anasema uongo. Baadaye alihamishiwa kituo kidogo cha afya mbele ya Lusangi. Kwenye barabara ile ile ya Kabambare.

Nilipomtaja, uso wa Iliasi ulifunguka. Anamfahamu, anapita pale kila safari, hata sabuni amewahi kumwuzia. Baba yake pia anamfahamu na anamheshimu, aliwahi kumtibu.

"Aliwakuta pamoja, wewe na Mounira?"

"Alitukuta pamoja."

"Mama, unaapa?"

Niliapa. Siku ya Ijumaa, mchana, mbele ya mtu aliyetoka msikitini. Nilisema wallahi, serumu ilitundikwa kwenye msumari wa dirisha, na torchi niliishika mimi kwa mkono wangu huu, na sikutoka katika chumba kile mpaka alfajiri.

Iliasi aliinama akanibusu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema atafika kwa Pierre kabla ya giza. Pierre akisema aliyoyaona, kesho yake atakuwa kwa baba yake, na wiki ijayo watakuja na posa, shangazi mbele. Akawasha pikipiki. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakampisha njia wakimpigia makofi bila kujua wanapigia nini.

Nikaingia ndani nikicheka peke yangu. Nikafungua sanduku kukitoa kile kitenge tena.

Mounira alikuwa bado amesimama nyuma ya pazia. Alikuwa amelishika.

"Mama," akasema, "Pierre alikuja usiku gani?"

Nikamwambia ni usiku ule wa serumu, anauliza nini.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa pale? Nilishika torchi."

"Ni mimi nilishika torchi, Mama."

Nikakasirika. Nikamwambia mimi nakumbuka msumari, nakumbuka maji ya serumu yalivyokuwa yanadondoka, nakumbuka Pierre alivyokosa mshipa mara ya kwanza akaomba msamaha kwa mgonjwa asiyesikia.

"Ni mimi nilikuelezea hayo yote," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uliporudi. Ulikuwa Nyangwe, Mama. Kwenye kilio ya mujomba."

Nilikaa juu ya sanduku.

Ndugu wasomaji, niliwaambia mwenyewe, tangu sehemu za nyuma, kwamba nilimzika kaka yangu kule Nyangwe mwaka jana. Niliwaambia nyinyi, na masikio yangu mwenyewe hayakusikia. Ugonjwa wa Marcellin ulikuwa siku nyingi. Usiku wa kwanza nilikuwepo, wa pili nilikuwepo. Halafu simu ikaja alasiri kwamba kaka amefariki, nikapanda pikipiki nilivyokuwa, na kandambili. Niliporudi nilikuwa mtu asiyejua anakula nini. Mounira alikuwa ananikalia kitandani ananielezea habari za mgonjwa na serumu ili nisiwaze kaburi tu. Alinielezea mara nyingi, na mimi polepole nikajiweka mle ndani, nikaishika torchi. Nadhani nilipenda zaidi kuwa nilikuwa kule chumbani kuliko pale nilipokuwa.

"Ulisimama mulangoni kwa Marcellin," Mounira akaendelea, "machozi yanakutoka. Ukaniambia: usimuache peke yake hata kidogo, huyu pia ni mutoto wa mutu. Nami sikumuacha."

Alifanya nilichomtuma.

"Pierre alitukuta sisi wawili," akasema. "Mimi na Marcellin, basi. Mutaa wote hakuna mutu. Akiulizwa atasema vile aliona. Pierre hawezi kudanganya."

Mtu mzima mmoja tu. Nimempata, na nimemtuma Iliasi kwake kwa mdomo wangu mwenyewe, na kiapo changu kipo begani mwake. Pierre hatasema neno baya. Atasema Mounira ni msichana mwenye moyo, alikuwa peke yake na mgonjwa, akashika torchi bila kutetemeka. Atamsifu kama Marcellin alivyomsifu. Na Iliasi atasimama pale akijua kwamba mama yake Mounira ameapa uongo, na atajiuliza kwa nini.

Niliona namna moja tu. Nikamwambia mwanangu labda Pierre amesahau, anaona wagonjwa wengi. Nikamwambia tungoje. Mimi niliyeapa saa ile ile ndiye niliyesema hivyo.

Mounira alinitazama. Kwa mara ya kwanza nikaona mikunjo miwili midogo pembeni mwa macho yake. Sijui ilianza lini, na hapa mtaani nani angekuwa ameiona?

"Rezo ya simu inaishia kwenye wauza mafuta," akasema. "Lazima Iliasi anasimama pale kujaza. Akishapita, hatutamupata tena."

Akatoa simu yake. Nikanyoosha mkono kumzuia, halafu mkono wangu ukarudi wenyewe. Akabonyeza jina, akasubiri isikike inaita, kisha akaniwekea simu kiganjani.

"Wewe uliapa, Mama. Useme wewe."

Nje wanafunzi walikuwa wanapita kwenda masomo ya alasiri, wale wapya, na mmoja akapaza sauti kumsalimu Yaya Mounira. Simu iliita, ikaita tena. Kisha nikasikia mngurumo wa pikipiki, ukapungua, ukazimika.

"Allo, Mama?" Iliasi akasema. Alikuwa anahema kwa furaha. "Nimesimama. Sema, nakusikia."